Shajara ya mradi: kuitafuta kambi ya wavuvi iliyofunikwa na maji Mtera

Julai: tunachokitafuta

Kambi tunayoitafuta ilikuwa upande wa Dodoma wa Bwawa la Mtera, sehemu ambayo leo ukiwauliza vijana wa kijijini wanakunyooshea mkono majini na kusema, "Kule." Ilichangamka baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Kila asubuhi palikuwa na mnada wa perege na kambale. Palikuwa na mashine ya kusaga, msikiti, kanisa, banda la video, na safu ya mama lishe ambao madereva wa magari ya samaki wanawasifia hadi leo. Kisha ukaja ukame wa 2005 na 2006, ule ule uliotuletea mgao wa umeme nchi nzima. Maji yakarudi nyuma, wavuvi wakayafuata, na mvua zilipokuja kulijaza bwawa tena zilikuta vichanja vitupu.

Shangazi yangu alikuwa mchuuzi wa samaki kati ya Mtera na Soko la Majengo hapa Dodoma. Msibani kwa jirani nilimsikia akibishana na mwenzake wa biashara ya zamani kuhusu mahali mnada ulipokuwa. Shangazi anasema ulikuwa chini ya mbuyu mkubwa. Mwenzake anasema ulikuwa karibu na mashine ya kusaga, hatua chache kutoka majini, na hakuna mbuyu wowote uliokuwa karibu. Wote wawili walinunua samaki pale kwa miaka, hakuna anayesimulia habari za kuambiwa. Mimi kazi yangu ni kuchora ramani za viwanja, na ubishi wa mipaka ndio ugali wangu, lakini huu wa mahali ambapo kwa sasa hapapo ulikataa kutoka kichwani. Nimewapata wanafunzi wa jiografia wanaojitolea, fundi mwashi mmoja mstaafu, na shangazi mwenyewe kama mkosoaji mkuu.

Kwa asiyelijua bwawa: lilijengwa nusu ya pili ya miaka ya 1970 kwenye Mto Ruaha Mkuu, karibu na mahali Mto Kizigo unapoingia. Kazi yake ya kwanza haikuwa kuzalisha umeme palepale, ilikuwa kuhifadhi maji kwa ajili ya mitambo ya Kidatu huko chini. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja 1988. Bwawa likijaa, maji yanasimama mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Mita nane na nusu si kitu kwenye korongo la milimani. Mtera ardhi ni tambarare, na bwawa lililojaa linafunika karibu kilometa za mraba 600, kwa hiyo maji yakishuka mita moja tu ufuko unasogea mamia ya mita, na sehemu nyingine kilometa nzima. Novemba mwambao uko kule, Mei uko huku, na hakuna miaka miwili inayofanana.

Tunachotaka ni ramani moja yenye alama za kambi ile: mnada, mashine, msikiti, kanisa, banda la video, matanuri ya kubanikia samaki. Kila alama iwe na ushahidi wake, hata kama ushahidi huo ni kumbukumbu ya mtu.

Agosti: ramani za zamani

Tumepata nakala za ramani za serikali za 1:50,000 zilizochorwa kabla ya bwawa. Zinapendeza kuziangalia. Mto umechorwa kwa mstari wa bluu ukizunguka kwenye uwanda, na barabara ya zamani ya kutoka Iringa kwenda Dodoma, ile iliyokuwa sehemu ya Njia Kuu ya Kaskazini kuelekea Kondoa, Babati na Arusha, inaushukia mto pale Mtera. Kwa kambi yetu hazisaidii moja kwa moja, kwa sababu kambi ilizaliwa na bwawa. Zinasaidia kwa jambo lingine: zina mistari ya kimo ya ardhi ambayo sasa iko chini ya maji. Vipimo vya mwinuko vilivyochukuliwa kwa rada kutoka angani Februari 2000, ambavyo kila mtu anavipakua bure, vinaonyesha bwawa kama sahani bapa. Rada ile ilirudi na uso wa maji, haikuona chini.

Mambo mawili niliwaambia wanafunzi kabla hawajagusa kompyuta. Kwanza, ramani zile zinatumia mfumo wa kuandika mahali uitwao Arc 1960, wakati simu na GPS zetu zinatumia WGS 84. Ukiviweka pamoja bila kubadilisha, kila kitu kinahama karibu mita 300 kaskazini au kusini. Kwa mtu anayetafuta msingi wa mashine ya kusaga, mita 300 ni kutafuta kwenye kambi ya jirani. Pili, longitudo 36 inapita karibu kabisa na ukuta wa bwawa. Magharibi yake ni kanda ya 36 ya UTM, mfumo wa vipimo unaoigawa dunia kwa kanda, mashariki ni kanda ya 37. Bwawa karibu lote liko magharibi, lakini simu ya mtu aliyesimama barabarani mashariki ya ukuta inaweza kuandika namba za kanda nyingine kabisa, na namba hizo zikiingizwa kwenye jedwali bila kuandikwa kanda, zinatua mbali mno na Mtera. Tumekubaliana kuandika longitudo na latitudo kwa desimali tu, basi.

Agosti mwishoni: picha za setilaiti

Hapa ndipo penye utajiri. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa 1972, kwa hiyo tunayo Mtera kabla ya ukuta. Kuanzia 1984 picha zina ubora wa mita 30 kwa kila nukta, na tangu 2008 hazina yote ni bure kwa yeyote mwenye bando. Kuanzia 2015 zimeongezeka picha za setilaiti za Sentinel-2 zenye nukta za mita 10.

Kutenganisha maji na nchi kavu kwenye picha hizi si kazi ngumu. Maji hunyonya mwanga wa infraredi na kurudisha kidogo wa kijani, ardhi kavu hufanya kinyume. Programu ya kuchorea ramani ya QGIS inakokotoa uwiano wa rangi hizo na kutoa mstari wa ufuko. Ugumu wa Mtera ni magugu ya majini na tope bichi, ambavyo huidanganya hesabu, hasa upande mito inapoingilia. Huko tunachora mstari kwa mkono huku tukigombana.

Kero kubwa ni kwamba miaka tunayoihitaji ndiyo miaka mibovu. Mei 2003 kifaa kimoja ndani ya Landsat 7 kiliharibika, na tangu siku hiyo kila picha yake ina mistari mieusi isiyo na data, inayokula zaidi ya sehemu moja ya tano ya picha. Landsat 5 nayo haikuwa na chombo cha kuhifadhia picha ndani yake. Ilitegemea vituo vya ardhini kuzipokea, na kwa eneo letu miaka hiyo picha zake ni za kuokoteza. Dawa ni kuchukua picha mbili au tatu za Landsat 7 zilizopishana kwa majuma machache. Mistari mieusi haiangukii mahali palepale, kwa hiyo moja inaziba pengo la nyingine. Ufuko unakuwa umesogea kidogo kati ya picha na picha, lakini bora hivyo kuliko shimo jeusi juu ya kambi.

Jambo moja limejitokeza ambalo sikulipanga, na sasa ndilo uti wa mgongo wa mradi. Mstari wa ufuko kwenye picha ya tarehe fulani ni mstari wa kimo. Maji yametulia sawa pande zote. Popote mstari ule unapopita, ardhi ina mwinuko uleule. Bwawa lote ni pima maji kubwa ya fundi, na setilaiti imekuwa ikilisoma kwa miaka arobaini. Tukipata kimo cha maji cha siku hiyo kutoka kwenye kumbukumbu za vipimo vya ukutani, tunakuwa na ramani ya sakafu ya bwawa, mstari kwa mstari. Tumeandika barua kuomba vipimo hivyo. Vya baadhi ya miaka vimefika.

Septemba: Majengo

Tumekaa na akina mama wa samaki, wa zamani na wa sasa. Niliwaletea ramani iliyochapwa kwenye karatasi kubwa na hakuna aliyeitazama kwa zaidi ya dakika moja. Walichotaka ni kusimulia kwa kufuata safari: unashuka kwenye gari, unapita kwa mama fulani kunywa chai, unasikia mashine inanguruma kushoto, moshi wa matanuri unakuingia machoni, halafu unafika. Tukaacha ramani, tukachora njia kwa chaki sakafuni, kila mmoja na yake. Njia hizo ndizo zimetupatia mpangilio wa kambi: matanuri yalikuwa upande ambao upepo unaupeleka moshi mbali na maduka, msikiti ulikuwa upande wa juu wa mashine, kanisa lilikuwa mbali kidogo "kwa sababu ya mashine, padri hasikiki."

Kila nilipouliza kitu kilikuwa wapi, mzee mmoja aliyekuwa dalali wa mnada alinijibu kwa swali: "Mwaka gani?" Nilidhani ananichosha kwa makusudi. Kufikia jioni nilikuwa nimejirekebishia fomu yetu ya mahojiano. Safu ya kwanza sasa ni mwaka au tukio (kabla ya El Niño, baada yake, mwaka wa mgao, mwaka bwawa lilipofungwa kwa uvuvi), na safu ya mahali inafuata.

Kuhusu majengo yenyewe, wote wanasema kitu kimoja: hakuna aliyejenga kwa tofali la kuchoma. Mtu alijua kabisa amekaa kwenye ardhi ya bwawa. Nyumba zilikuwa miti, mabati na turubai, vitu vya kubomoa asubuhi na kusimamisha jioni. Leo Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mito, maziwa na mabwawa, na wavuvi wa Mtera wanaijua. Mmoja alinihoji mita 60 zipimwe kutoka Mei au kutoka Novemba. Swali zuri, na mimi si mtu wa kulijibu.

Oktoba: Mtera

Tumeshuka kwa basi la Iringa kutoka stendi ya Nanenane, kupitia Fufu na Chipogolo. Lami imeifanya Mtera kuwa jirani. Shangazi anakumbuka enzi ambazo gari la samaki likikwama njiani mzigo ulikuwa unaozea hukohuko. Ukutani hapapigwi picha, tuliwaonya wanafunzi kabla hata hatujafika, maana walinzi hawana utani. Perege wa kukaanga wa barabarani bado ni watamu, ingawa shangazi anadai wamepungua ukubwa na mafuta yamezidi.

Ofisi ya kijiji imetupokea vizuri. Kisha tukapelekwa kwa wazee. Baada ya Mbukwenyi, salamu ya Kigogo, na shikamoo, na kabla sijafungua begi, babu mmoja aliuliza: "Mnapima kwa ajili ya fidia au kwa ajili ya kutuhamisha?" Kijana wetu mmoja alicheka. Nilimkata jicho. Watu wa hapa wamepimwa sana. Kwanza ilikuwa Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliyowakusanya vijijini, halafu likaja bwawa lenyewe. Mtu mwenye GPS hajawahi kuja kuwaletea kitu.

Tumezungumza hadi jua linazama. Makubaliano ni haya: jina la kambi haliandikwi, wala majina ya waliokuwa na maduka. Vituo vya GPS tutavionyesha kwenye ramani ya kijiji tu. Hii shajara inaeleza kazi bila kutaja mahali penyewe. Kuna kambi za sasa karibu na pale, na ramani nzuri ya kambi ya zamani inaweza kutumiwa na mtu mwingine kwa kazi nyingine. Nakubaliana nao kabisa. Nimeona ramani zangu mwenyewe zikitumika kwa mambo ambayo sikuyachorea.

Oktoba mwishoni: kwenye tope kavu

Maji yameshuka vya kutosha. Unatembea juu ya sakafu ya bwawa: udongo mweusi uliopasuka, visiki vya migunga vimesimama vimekauka kama vilivyozamishwa, na ng'ombe wa wafugaji wanakula majani mapya yaliyoota nyuma ya maji. Watu wamelima mahindi na mboga hadi karibu na ukingo; kila maji yanaporudi nyuma wanaongeza tuta. Shamba moja limekaa juu ya eneo ambalo akina mama wa Majengo waliliita safu ya chai.

Vitu vya kwanza kuonekana ni vya wavuvi: vipande vya ndala vilivyokatwa kuwa maboya, vizamisho vya nyavu, betri za redio zilizooza. Havithibitishi kitu, maji huvibeba popote. Tulichokuwa tunakitafuta ni kisichobebeka.

Matanuri ndiyo yaliyojitokeza kwanza. Udongo ukichomwa moto kila siku kwa miaka unageuka mwekundu na mgumu, na maji hayaurudishi ulivyokuwa. Tumekuta viduara vyekundu kwenye udongo mweusi, kadhaa kwa mstari, vingine vimefukiwa nusu na tope. Mama mmoja wa kijijini aliyekuja nasi alisimama katikati ya vile viduara, akatazama kulia na kushoto, kisha akatembea bila kusita hadi mahali akasema hapa ndipo alipokuwa akiuza. Hapakuwa na chochote. Tumechukua kituo na kuandika "kumbukumbu," si "ushahidi," na akakubali tofauti hiyo baada ya kunitazama kwa muda.

Msingi wa mashine ya kusaga tumeupata siku iliyofuata. Ni kitako cha zege chenye boliti nne zilizoliwa na kutu, kimeinama upande mmoja. Mwenye mashine ndiye peke yake aliyeamini kwamba maji hayatarudi, au alijua yatarudi na akahesabu kwamba faida itarudi kwanza. Injini ya dizeli inatetemeka, haiwezi kufungwa kwenye mti. Alipohama alifungua nati, akaondoka na injini, zege likabaki. Fundi wetu mstaafu aliligonga kwa nyundo, akasikiliza, akasema kokoto ni ya mtoni na saruji haikubaniwa. Ni sifa kubwa kutoka kwake.

Mbuyu nao upo. Uko juu kabisa, zaidi ya kilometa moja kutoka kwenye mashine, nje ya mstari wa maji ya kujaa. Ni mzima na umebeba mabuyu.

Novemba: kimo

GPS ya mkononi hukosea mwinuko kwa mita kadhaa. Kwenye ardhi ambayo mita moja ni kilometa, haifai. Tumetumia mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi hutumia kuhamisha usawa kutoka ukuta hadi ukuta. Unashika ncha moja kwenye zege, mwenzako anakwenda na ncha nyingine hadi mpira unapoishia, mnasoma, mnapiga kigingi, mnaanza tena. Tumeshuka hivyo kutoka kwenye zege hadi ukingo wa maji, tukarudi kwa njia nyingine ili kuona kama majibu yanaelewana. Yameelewana kwa upana wa kiganja, na fundi amesema kwa vijana wanaoanza si vibaya.

Ukingo wa maji unatakiwa usomwe maji yakiwa yametulia, maana upepo ukivuma husukuma maji upande mmoja wa bwawa na kuyapandisha. Hewa hutulia asubuhi mapema sana. Asubuhi mapema sana pia ndipo viboko wanaporudi majini baada ya kulisha nchi kavu usiku, na kiboko yule anayekuta mtu kati yake na maji hana subira. Wavuvi walituambia tusubiri, tukasubiri. Tumepata dirisha fupi kati ya viboko na upepo.

Tukiunganisha kipimo chetu na kimo cha maji kilichosomwa ukutani siku ileile, kitako cha mashine kiko zaidi ya mita nne chini ya maji ya kujaa. Kwa maneno mengine, mwaka ambao bwawa liko karibu kujaa, mashine ile ingekuwa chini ya maji kwa kina cha kumzamisha mtu na mwingine juu ya mabega yake.

Novemba, juma lililofuata: mnada

Haya sasa. Mbuyu ukizama kwa muda mrefu unakufa, na ukifa haubaki. Mgunga huacha kisiki kigumu kwa miongo. Mbuyu ni nyuzinyuzi na maji, unaporomoka, unaoza, baada ya miaka michache hakuna hata alama. Kwa hiyo mbuyu wa shangazi, ulio mzima hadi leo, haujawahi kuzama kwa muda wa kuuua. Mnada uliokuwa chini yake ulikuwa kwenye ukingo wa bwawa lililojaa. Picha za baada ya El Niño zinaonyesha hivyo hivyo: mstari wa maji unapita karibu na mguu wa mbuyu.

Ukienda kwenye picha za kuelekea 2005, zile za kuungaunga, mstari wa maji umeshuka hadi chini ya kitako cha mashine. Wakati huo mbuyu uko mbali na maji kwa mwendo wa zaidi ya kilometa moja. Hakuna mvuvi anayebeba tenga la samaki wabichi umbali huo ili auze kivulini. Mnada ulishuka na maji, pamoja na mashine, matanuri na chai.

Shangazi alianza biashara mwaka wa El Niño na kuacha alipojifungua mtoto wake wa mwisho. Mwenzake alianza miaka michache baadaye na kuendelea hadi ukame. Nimewawekea picha mbili mezani Majengo, nimewaonyesha mistari. Shangazi alizitazama, akasema, "Kwa hiyo niko sahihi." Mwenzake akasema naye yuko sahihi. Wameendelea kubishana, sasa kuhusu mnada upi ulikuwa na samaki wakubwa.

Kwa ramani yetu, maana yake ni kubwa. Kambi haikuwa sehemu moja. Ilikuwa ukanda mrefu unaoteremka, na kila alama ina mahali kadhaa. Nimebadilisha mpango wa kuchora: badala ya kituo kimoja chenye jina "mnada," tunachora mstari unaounganisha mahali pote pa mnada, na kwenye kila kituo tunaandika kimo cha maji. Mwaka unafuata kwenye mabano. Mtu akitaka kujua mnada ungekuwa wapi maji yakiwa mita 695, anafuata mstari.

Desemba: msikiti, banda la video

Msikiti hatukuupata kwenye tope kwa sababu hauko kwenye tope. Tumeambiwa mabati yake yalifunguliwa na kusafirishwa, na sasa yako kwenye jengo lingine juu ya mstari wa maji, mbali na kambi. Mzee anayelitunza alituruhusu kuangalia kwa ndani. Yale mabati ya zamani yana safu za matundu ya misumari ambazo hazihusiani na kenchi za sasa: safu moja ya jengo hili, nyingine ya jengo lililopita, na nyingine ya lile la kabla yake. Matundu ya zamani yamezibwa kwa lami. Mwanafunzi mmoja amepima nafasi kati ya safu hizo na kuchora upana wa majengo yaliyotangulia. Nadhani ndiyo kazi nzuri kuliko zote tulizofanya, na haikuhitaji setilaiti.

Banda la video: hakuna. Kila kijana wa wakati ule anakumbuka sinema alizoziona na jenereta iliyokuwa ikizimika katikati ya mapigano, hakuna anayekumbuka lilipokuwa kwa uhakika wa kutosha kupiga kigingi. Lilikuwa turubai, viti vya mbao na televisheni moja. Limeingia kwenye jedwali bila kituo.

Makaburi tumeonyeshwa na hatukuyapima. Wenyewe wanayajua.

Januari: maji yanapanda

Mvua zimenyesha huko juu na Ruaha imeleta maji. Zege la mashine limefunikwa wiki iliyopita. Mvuvi mmoja alitupigia simu asubuhi kutujulisha, na tarehe hiyo ni kipimo tosha. Tumeomba vijana wawili wa kijiji watupigie tena maji yatakapofika kwenye vigingi vingine tulivyoacha. Kila simu inatupa kimo cha kigingi kimoja bure, ili mradi tuwe na usomaji wa ukutani wa siku hiyo.

Nakala ya kwanza ya ramani imechapwa kwa kipimo cha 1:10,000 na kupelekwa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti ameomba marekebisho mawili. Tuongeze kisima cha zamani, ambacho akina mama walikitaja na sisi hatukukifikia. Na rangi ya maji ya kujaa iwe nzito zaidi, ili mtu anayejenga leo aione akiwa mbali. Yote mawili yanafanyiwa kazi.

Kilichobaki ni kanisa. Mahojiano yanatofautiana, hata tukiyapanga kwa mwaka, na upande ule tope la mto limeongezeka kiasi kwamba kama kuna msingi umefukiwa. Tunatafuta picha za karatasi. Kuna watu walifunga ndoa au kubatiza watoto kwenye kambi ile kati ya 1998 na 2005, na picha hizo ziko kwenye albamu Dodoma, Mpwapwa, Migoli na Iringa. Anayezo asijali kama zimefifia au sura haionekani. Tunachohitaji ni kilicho nyuma ya watu: mstari wa vilima, kisiki, ukingo wa maji, kivuli kimeangukia upande gani. Na kama nyuma ya picha pameandikwa tarehe, tunaomba na upande huo upigwe picha.